Mbwa au paka uliyemchukua ana shida: kagua haya kabla hujamrudisha

Mtu akishamchukua mbwa au paka aliyeokolewa, malalamiko yanayofuata huwa yaleyale. Hali chakula. Kajificha uvunguni hatoki. Katoroka. Anajikuna mpaka damu. Kaua kuku wa jirani. Kamng'ata mtoto. Na linalofuata mara nyingi ni "njoo umchukue mnyama wako".

Maelezo haya yamepangwa kwa dalili, jinsi zinavyoletwa na watu wa huku kwetu kusini mwa Tanzania, mikoa ya Mtwara na Lindi, kuanzia Mikindani na Chuno hadi Lindi mjini, Masasi na Kilwa Masoko. Chini ya kila dalili nimeanza na sababu inayotokea mara nyingi, nikamalizia na ya nadra. Nasimamia jambo moja: mnyama anayeitwa mkorofi kwa kawaida anaumwa, anaogopa, au alifunguliwa mapema mno. Akaguliwe kwanza.

Wanyama wengi tunaowachukua hawatoki kwenye kituo chenye vizimba, fomu na kadi ya chanjo. Ni mbwa aliyezaa chini ya meza ya muuza samaki, paka aliyekulia sokoni akila matumbo ya samaki, au vitoto vilivyofungwa kwenye kiroba na kutupwa kando ya barabara ya Naliendele. Kama hukukabidhiwa kadi, mhesabu kuwa hajachanjwa, ana minyoo na ana kupe mpaka ithibitike vinginevyo.

Kabla ya yote: ukaguzi wa dakika tano

Inua mdomo wa juu uangalie ufizi. Wa mnyama mzima ni wa waridi. Mbwa wengine wana ufizi mweusi kwa asili. Kwao vuta kope ya chini ya jicho uangalie rangi ya ndani. Bonyeza ufizi kwa kidole kisha uachie: panapokuwa peupe parudi kuwa pa waridi ndani ya sekunde 2. Vuta ngozi ya mabegani, uachie. Ikichelewa kurudi mahali pake, amepungukiwa maji mwilini. Kama una kipimajoto cha dijitali, kipake mafuta upime kwenye njia ya haja kubwa. Kawaida ya mbwa na paka ni kati ya nyuzi 38 na 39.2. Pua kavu haikuambii lolote, ingawa kila mtu huishika hiyo kwanza.

Mnyama usiyeweza kumshika bila kung'atwa, usimkague. Mwangalie kwa mbali tu.

Dalili: hali chakula, kajificha, hataki kuguswa

Sababu ya kwanza, tena kwa mbali, ni hofu. Paka aliyetoka sokoni hajui nyumba. Hajui feni, hajui televisheni, hajui watoto wanane wanaotaka kumbeba. Ukimwachia nyumba nzima siku ya kwanza, atatafuta pa kujificha na hatatoka. Mpe chumba kimoja au kona moja: boksi la kujificha, maji, sinia la mchanga mbali na chakula, mlango ufungwe. Mchanga wa pwani ukiuchekecha unafaa kabisa, huhitaji kununua. Kaa naye chumbani bila kumgusa, uongee kwa sauti ya chini, na umwache aje mwenyewe. Mbwa naye afungwe sehemu yenye kivuli karibu na mnapopita, si nyuma ya nyumba peke yake. Siku 3 za mwanzo usitegemee kitu. Wiki 3 ataanza kuzoea ratiba. Miezi 3 hivi ndipo utakapoijua tabia yake halisi. Wanaowahamisha wanyama kwa kazi huenda kwa hesabu hiyo, nami naiamini.

Sababu ya pili ni chakula kigeni. Mbwa aliyekulia kwenye ugali wa muhogo na vichwa vya samaki ukimwekea punje kavu za dukani atazinusa na kuondoka. Anza na anachokijua, ongeza kipya kidogo kidogo kwa wiki nzima. Dagaa wenye chumvi nyingi waloweke na kumwaga maji kwanza. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, inapasuka vipande vyenye ncha.

Kama hofu imepungua na chakula ni cha kwao lakini bado hali, fikiria minyoo (tumbo kubwa, mbavu zinaonekana), kisha homa ya kupe, kisha kinywa chenyewe: jino bovu, kidonda, mwiba wa samaki.

Usisubiri zaidi ya hapa: mbwa mkubwa asiyekula siku 2 na amezubaa, paka asiyekula siku 2 hata kama anaonekana mzima, na kitoto kisichokula nusu siku. Paka hasa watu humpuuza kwa kuwa "ana maringo". Akikaa bila kula siku kadhaa ini lake hujaa mafuta na hapo kumrudisha ni kazi kubwa. Mpeleke.

Dalili: udenda unatiririka, hamezi, anaonekana kakwamwa na mfupa

Hii naomba uisome hadi mwisho hata kama mnyama wako ni mzima leo.

Mara nyingi kweli huwa ni mfupa, mwiba au jino. Lakini kwa mnyama ambaye huijui historia yake, unaanza na sababu ya nadra inayoua, nayo ni kichaa cha mbwa. Taya hulegea, koo hupooza, mate hayamezeki, sauti hubadilika. Mwenye nyumba mwenye huruma anaona mnyama anateseka, anaingiza mkono kutoa mfupa. Mfupa haupo, na mkono umeshaingia kwenye mate yenye virusi.

Kwa hiyo usiingize mkono. Simama mbali, angalia mambo mawili. Je, ilianza ghafla akiwa anakula, na sasa anajikwangua mdomo kwa miguu ya mbele? Hiyo inaelekea kwenye mfupa. Au siku moja mbili kabla alibadilika: mpole akawa mkali, mkali akawa mpole kupita kiasi, anatafuna mawe na miti, anayumba nyuma, anakimbilia vitu visivyokuwapo? Hiyo chukulia ni kichaa hadi mtaalamu aseme vinginevyo. Na ukishindwa kutofautisha, chukulia ni kichaa. Mfungie mahali asipoweza kutoka bila kumshika, ondoa watoto, piga simu kwa afisa mifugo wa kata.

Kama ameng'ata, amekwaruza, au amelamba kidonda au mdomo wa mtu:

1. Osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15. Tumia saa, kwa sababu dakika 15 ni ndefu kuliko unavyodhani. Usipake mafuta ya taa, majivu wala dawa ya majani.
2. Nenda hospitali siku hiyohiyo, ya wilaya au ya mkoa, kama Ligula kwa Mtwara na Sokoine kwa Lindi. Piga simu kwanza kuuliza kama chanjo ipo; kama haipo waulize ipo wapi, usirudi nyumbani.
3. Maliza dozi zote. Kidonda kikipona si kwamba umepona wewe. Kichaa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, hakuna tiba.

Mbwa aliyeng'ata lakini anaonekana mzima asiuawe wala kufukuzwa. Afungwe, alishwe, aangaliwe siku 10. Akimaliza siku hizo akiwa mzima, siku aliyong'ata hakuwa na virusi kwenye mate, na daktari anaweza kuutumia ukweli huo kuamua kuhusu dozi zilizobaki. Wewe huku nyuma usizisubiri siku 10 ndipo uanze chanjo. Na ikibidi mnyama huyo auawe, hiyo ni kazi ya mamlaka, tena asipigwe kichwani, maana ubongo ndio unaopimwa.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba virusi hukaa mwilini wiki kadhaa hadi miezi michache kabla ya dalili. Mbwa aliyeng'atwa mwezi uliopita anaweza kuwa mchangamfu siku unapomchukua, na chanjo ya leo huenda isiwahi. Ndiyo maana miezi ya mwanzo mtoto asiachwe peke yake na mnyama mgeni. Chanjo yenyewe hutolewa kuanzia umri wa miezi 3, hurudiwa baada ya mwaka, kisha kwa ratiba ya chanjo iliyotumika. Kampeni nyingi hapa kwetu ni kila mwaka. Mikoa yetu hii miwili ilikuwa ndani ya mradi mkubwa wa kutokomeza kichaa cha mbwa kusini mashariki mwa Tanzania, ulioungwa mkono na Shirika la Afya Duniani kati ya 2010 na 2015, na msingi wake ulikuwa kuchanja mbwa 70 katika kila 100. Kiwango hicho kinashuka haraka kwa sababu watoto wa mbwa huzaliwa kila siku. Gari la chanjo likipita mtaani, hasa karibu na Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, toa mbwa wako na umpelekee jirani asiyeweza kumtoa wa kwake.

Dalili: amezubaa, ana homa, ufizi mweupe

Huku pwani, mbwa aliyezubaa mwenye ufizi mweupe, sababu ya kwanza ninayoitaja ni kupe. Panua vidole vya miguu, angalia katikati yake. Angalia ndani ya masikio, chini ya kola, kwenye mapaja. Kupe wa mbwa wa rangi ya kahawia huleta magonjwa mawili yanayofanana mwanzoni. Babesia huvunja chembe nyekundu za damu, na mkojo huwa mwekundu au wa rangi ya kahawa. Erlikia huweza kumfanya atoke damu puani au awe na madoa mekundu tumboni, wiki nyingi baada ya kung'atwa na kupe.

Hatua nyepesi ni kung'oa kupe kwa kibano, ukimshika karibu kabisa na ngozi na kumvuta moja kwa moja. Usimchome kwa kiberiti wala kumwagia mafuta ya taa. Kisha tibu nyumba. Kupe huyu hutaga kwenye nyufa za ukuta, na nyumba ya miti na udongo ina nyufa nyingi. Ukimsafisha mbwa ukaacha ukuta, baada ya wiki chache mnarudi palepale. Ziba nyufa, choma matandiko ya zamani, sogeza alalapo mbali na ukuta.

Matibabu si ya kubahatisha dukani. Babesia ina sindano yake, erlikia hutibiwa kwa doksisaiklini kwa takriban wiki 4, na watu wengi huacha wiki ya kwanza mbwa akishachangamka, ugonjwa ukarudi. Ufizi ukiwa mweupe kabisa au mkojo ukiwa na damu, hiyo ni safari ya leo kwa daktari wa mifugo.

Walio Liwale na vijiji vinavyopakana na mapori ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere wana sababu moja ya ziada: mbung'o. Mbwa mwenye homa, uso uliovimba na jicho lililoingia ukungu wa bluu anaweza kuwa na nagana. Mwambie daktari kwamba mbwa alitoka huko, kwa kuwa aliyezoea wagonjwa wa mjini huenda asiifikirie.

Dalili: anaharisha

Kwa mnyama mgeni mkubwa, aliyechangamka na anayekula, mara nyingi ni badiliko la chakula au maziwa. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka na mbwa wengi, pamoja na imani iliyoenea kuwa paka lazima apewe maziwa. Acha maziwa, mpe wali laini na samaki aliyechemshwa bila mwiba wala chumvi, maji yawe karibu. Baada ya hapo ni minyoo. Vitoto hupewa dawa ya minyoo kila wiki 2 hadi wafike wiki 12, wakubwa kila miezi 3, kwa uzito waliopimwa.

Kitoto cha mbwa kinachotapika, kuharisha damu yenye harufu kali na kulegea ni jambo lingine. Hiyo inaweza kuwa parvo, ugonjwa wa virusi, na saa chache zina maana kubwa. Anahitaji maji kwa mshipa. Usimlazimishe kunywa akiwa anatapika. Akifariki, au akipona, virusi hivyo hubaki kwenye ardhi ya ua hadi mwaka. Sakafu ioshwe kwa sabuni, kisha dawa ya madoa ya klorini, sehemu 1 kwa maji 30, ikae dakika 10. Mtoto mwingine wa mbwa asiletwe hapo kabla hajakamilisha chanjo zake, ambazo huanza wiki ya 6 hadi ya 8 na kurudiwa kila wiki 3 au 4 hadi afike wiki 16. Nasisitiza hili kwa sababu watu wenye moyo mwema, wakifiwa na kitoto kimoja, huchukua kingine wiki ileile kuziba pengo.

Dalili: anajikuna, manyoya yanatoka, ana majipu

Viroboto kwanza. Chana mgongo karibu na mkia, pukuta uchafu kwenye kitambaa cheupe kilicholowa. Chembe nyeusi zikiacha rangi nyekundu, ni kinyesi cha viroboto. Baadaye upele wa utitiri: ncha za masikio, viwiko na tumbo vinababuka, anajikuna usiku kucha, na pengine watu wa nyumbani nao wanawashwa mikononi. Huo huambukiza binadamu, ingawa kwa binadamu hauchukui muda mrefu mnyama akishatibiwa.

Oili chafu ya gari, dizeli na maji ya betri haviponyi upele. Huingia mwilini kupitia ngozi iliyochubuka na vingine humezwa anapojilamba. Nimeona mbwa ambaye ngozi ya mgongo mzima ilivuka baada ya kupakwa oili, na chini yake utitiri walikuwa bado hai.

Jipu lenye tundu dogo katikati, linalotoa majimaji, litazame kwa makini kwenye mwanga. Ukiona kitu cheupe kinapanda kuvuta hewa na kurudi, ni buu la nzi. Nzi huyu hutaga kwenye mchanga wenye kivuli na kwenye nguo zenye unyevu, mabuu yakaingia kwenye ngozi ya anayelala hapo, mbwa au mtoto. Ziba tundu kwa mafuta mazito ya kujipaka kwa nusu saa hivi, buu litajitokeza kutafuta hewa, kisha likamue polepole kutoka pembeni. Lisikatike ndani. Yakiwa mengi, au mnyama ni kitoto kidogo, mwachie daktari. Matandiko ya mbwa yaanikwe juani, na nguo zenu zipigwe pasi.

Dalili: ghafla anatetemeka, anatoa povu, anaanguka

Swali la kwanza ninalouliza ni: amepakwa nini? Dawa ya kuogeshea ng'ombe ikikadiriwa kwa macho na kumwagiwa mbwa inaweza kumuua, na dawa zenye permethrini, salama kwa mbwa kwa kipimo chake, ni sumu kwa paka. Mwoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, mkaushe, umkimbize.

Swali la pili: amepewa nini? Panadoli kwa paka ni sumu. Kidonge kimoja kinatosha kumuua. Ufizi hugeuka kijivu au kahawia, uso huvimba, hupumua kwa shida. Watu humpa kwa upendo wakidhani ana homa.

Kisha mazingira. Kuanzia Juni hivi hadi karibu na mavuno, mashamba ya mikorosho hupulizwa salfa na viuatilifu vingine. Chupa tupu zikitupwa shambani, mbwa hulamba. Pwani yupo samaki bunju, ambaye wavuvi humtupa mchangani kwa kujua sumu yake. Mbwa na paka hawajui. Sumu ya bunju hupooza misuli hadi ya kupumua, na haina dawa ya kuibatilisha, ni kumsaidia tu kupumua hadi iishe. Ukimtembeza ufukweni Shangani asubuhi, mfunge kamba.

Usimpe maziwa, mkaa wala mafuta ya kula kwa nguvu mnyama anayetetemeka, yataingia mapafuni. Chukua chupa au pakiti ya kilichomdhuru, nenda nayo kwa daktari.

Dalili: anatoroka

Karibu kila mara anarudi alikotoka. Mtafute hapo kwanza, kwenye feri au kibanda alikokuwa akilishwa, jioni wakati wa mabaki. Mbwa afungwe au awe kwenye ua uliozibwa kwa wiki 2 au 3, paka abaki ndani kwa muda huohuo, na alishwe saa zilezile. Dume asiyehasiwa hufuata jike lililo kwenye joto hata akiwa ameshazoea kwenu. Mara chache sana kuna mtu anampiga wewe ukiwa kazini. Uliza watoto, wao husema.

Dalili: anaua kuku

Kwanza ni njaa, hasa kwa mbwa aliyezoea kujitafutia. Mlishe mara mbili kwa siku kabla kuku hawajafunguliwa. Halafu ni mchezo: kuku anayekimbia anamvuta kumkimbiza. Mzoeshe akiwa kwenye kamba, mpe kipande cha samaki kila anapowaangalia kuku na kutulia. Kumfunga kuku aliyekufa shingoni hakumfundishi kitu, kunamwozea tu. Kuku wa jirani lipa siku hiyohiyo. Mbwa wengi wa mtaani huishia kulishwa sumu kwa deni la kuku mmoja.

Dalili: jirani hamtaki

Huku pwani wengi wetu ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, na mate ya mbwa ni najisi inayooshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Jirani anayelalamika kuwa mbwa kapita kwenye mkeka wake wa kuswalia hana chuki na mnyama. Umemwongezea kazi na umemharibia ibada. Nenda ukamwombe radhi wewe mwenyewe, usimtume mtoto. Zungushia uzio hata wa makuti, chombo cha mbwa kiwe chake peke yake, na umfunge alfajiri watu wanapopita kwenda msikitini. Ukifanya hivyo, wazee wengi hulegea. Kisa cha mtu aliyemnywesha maji mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake, akasamehewa dhambi zake, kinajulikana na kila aliyepita madrasa.

Ikiwa jirani anampiga au kumchoma kwa maji ya moto, hapo si suala la ujirani tena. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya 2008. Anzia kwa mwenyekiti wa mtaa na afisa mifugo wa kata, ukiwa na picha na tarehe.

Dalili: unalisha paka wa soko, nao wanazidi

Hili ni la wale wanaosaidia bila kuchukua mnyama nyumbani. Sababu kuu ni kwamba chakula bila kuhasi kinaongeza vizazi. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi 4 au 5, hubeba takriban siku 63 hadi 65, na anaweza kupata nyingine kabla hajamaliza kunyonyesha. Sababu nyingine ni kwamba watu wakijua unalisha, wanaleta vitoto usiku na kuviacha mlangoni.

Ongea kwanza na mama lishe na wauza samaki, ndio wanaojua jike lipi limezaa na vitoto viko wapi. Lisha saa ileile kila siku, sehemu ileile, ondoa mabaki. Wakishazoea saa hiyo, kuwakamata kwa mtego wa sanduku ni rahisi. Hasi majike kwanza. Waliohasiwa wakatwe ncha ndogo ya sikio wakiwa bado kwenye usingizi wa dawa, ili wasikamatwe tena bure, kisha warudishwe palepale. Ukiwaondoa wote, wengine wasiohasiwa wataingia kuchukua nafasi.

Kuhasi ni upasuaji, hufanywa na daktari aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari, kwa dawa ya usingizi na ya maumivu. Mtu akikwambia atamhasi mbwa wako kwa wembe huku ameshikwa na vijana wanne, mkatalie. Baada ya upasuaji, kidonda kikivimba sana, kikitoa usaha au kikifunguka ndani ya siku 10 hadi 14, rudi kwa daktari aliyekifanya.

Ukitaka kuchangia fedha kwa mwokoaji usiyemjua, uliza ni kliniki gani inayomtibu mnyama aliye kwenye picha, na ulipe huko moja kwa moja. Mwokoaji wa kweli hatakasirika. Wengi wao hawana upungufu wa huruma, wana upungufu wa chakula, usafiri na watu wa kulea kwa muda. Bodaboda anayekubali kubeba paka kwenye boksi kutoka Mikindani hadi mjini anaokoa wanyama kama daktari anavyookoa.

Umejaribu yote na huwezi kuendelea naye

Hutokea: kazi imekuhamisha, mtoto ana pumu, mnyama na mbuzi wako hawapatani. Usimpeleke Mitengo usiku ukamwacha, wala usimvushe kwa feri kwenda Msangamkuu ukidhani atajitegemea. Mrudishe kwa aliyekupa, mchana, ana kwa ana. Mpe na karatasi: amechanjwa nini na lini, dawa ya minyoo ya mwisho, magonjwa aliyopata, anakula nini, nini kinamtisha (mwanaume mwenye fimbo, mlio wa pikipiki, radi), amewahi kung'ata au la. Hilo la kung'ata liandike hata kama unaogopa kwamba hatapata mtu, kwa sababu atakayempokea anaweza kuwa na watoto wadogo.